Kidole cha Jiwe Jeusi

Kwetu kijijini Tabaka kitu cha jiwe kikivunjika hakitupwi. Baba alichonga mawe ya sabuni tangu kabla sijazaliwa, na mimi tangu nikiwa na miaka saba kazi yangu ilikuwa kuficha makosa. Sikio la tembo likibanduka, shingo ya twiga ikikatika mtu akiwa anasugua, nililetewa mimi. Nilichukua unga wa jiwe lilelile, nikaudondoshea gundi, nikabandika, nikasugua kwa msasa na maji, nikamalizia kwa nta. Mzungu alinunua, akapanda ndege na twiga wake, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Baba aliwaambia wageni kwamba binti yake ana vidole vya daktari. Labda ndiyo sababu niliishia kwenye uuguzi.

Naanza na hayo ili nieleweke. Nilichofanya Doha sikukifanya kwa ujanja. Nilikifanya kwa sababu nililelewa hivyo, na kwa sababu nilijua kukifanya vizuri.

Nilifika Qatar miaka ya mwanzo ya 2010, wakati kila barabara ilikuwa imechimbuliwa na dereva wa teksi akikupitisha leo hapa, kesho pale. Niliajiriwa kumtunza mzee mmoja wa Kihindi, Mtamil wa kusini, aliyeishi na mwanawe na mke wa mwanawe ghorofa ya tatu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mwana alikuwa mhandisi wa majengo, mkewe mwalimu, na saa zote za mchana nyumba ilikuwa yangu na mzee. Moyo wake ulikuwa dhaifu na mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Kazi yangu ilikuwa dawa, presha, chakula kisicho na chumvi, na kumtembeza koridoni jua likiwa kali nje.

Waliniita Sista, kama Wahindi wanavyowaita wauguzi wote. Mimi nilimwita Mzee. Aliniuliza maana yake, nikamwambia ni neno la heshima kwa mtu mwenye umri. Akasema heshima niiache, umri niuondoe. Tuligombana siku ya kwanza kwa sababu ya chumvi na tuligombana siku ya pili kwa sababu ya dirisha. Mimi mdomo sina breki, na yeye alikuwa mtu wa kununa. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuungaunga, lakini katika kugombana tulielewana bila shida.

Roshani ilikuwa karakana yake. Alikuwa mchongaji wa mahekalu, kazi ya baba yake na ya babu yake, na alipofiwa na mkewe mwanawe akamleta Doha, alikuja na tindo zake, nyundo moja, na mungu wa kike wa graniti nyeusi ambaye alikuwa amekwisha kumchonga zaidi ya nusu. Urefu wake ulikuwa shubiri moja na nusu. Alisimama amepinda kiuno kidogo, mkono wa kushoto ukining'inia, wa kulia umeinuliwa kiganja mbele, kama mtu anayekwambia usiogope. Uso ulikuwa umekamilika isipokuwa macho. Mahali pa macho palikuwa laini, patupu. Kila jioni alimfunika kwa kitambaa cha pamba cha manjano.

Alichonga adhuhuri, majirani wakiwa kazini, kwa sababu nyundo iliwahi kuletewa malalamiko. Nami nilikaa mlangoni na kipimo cha presha mapajani, nikimwambia pumzika, naye akijifanya hasikii. Polepole akaanza kunifundisha. Alichukua vipande viwili vya jiwe, akavigonga kwa tindo, akaniambia nisikilize. Jiwe linalolia kama kengele ni la kiume, hutengeneza miungu wa kiume. Linalolia kwa sauti nyembamba ya shaba ni la kike. Lisilolia kabisa huwekwa sakafuni, watu wakalikanyaga. Nikamwambia kwetu jiwe tunalikwaruza kwa ukucha tu, likikwaruzika tunachonga kiboko. Hakucheka. Aliniuliza kiboko anasimama kwa kipimo gani, urefu wa uso wake unaingia mara ngapi katika mwili. Nikamwambia kiboko anasimama kadiri jiwe lilivyobaki. Nadhani alinihurumia.

Nyuma ya mifuko ya karatasi ya duka la dawa alinichorea hekalu. Ni mtu aliyelala chali, alisema. Lango lenye mnara ndiyo miguu, kumbi za nguzo ndizo tumbo na kifua, na kule mwisho kabisa, kichwani, kuna chumba kidogo kisicho na dirisha ambamo mungu anakaa. Chumba hicho kwa lugha yao ya zamani kinaitwa chumba cha mimba. Nikamwambia, Mzee, mimi nimesomea uuguzi na mimba haikai kichwani. Siku hiyo alicheka hadi nikampima presha.

Lakini lilinikaa akilini. Minara ile aliyonionyesha kitabuni ilijaa sanamu kutoka chini hadi juu, maelfu, wachezaji na farasi na wafalme, na ukiingia ndani yote yanapungua hatua kwa hatua, nguzo, kisha giza, kisha jiwe dogo na taa ya mafuta. Alinionyesha hekalu la ufukweni kwao ambalo halikujengwa bali lilichongwa lote katika mwamba mmoja, kuanzia juu kushuka chini, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Huko ukikosea huna tofali la kubadilisha. Niliuliza nani aliyechonga. Akasema jina la mfalme limo ukutani, la mchongaji halimo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nikakumbuka viboko vyote vya Baba vilivyotawanyika duniani bila jina lake, nikaona uchungu kidogo.

Mama yangu ni Msabato wa kutoka moyoni. Laiti angejua nashinda na sanamu ya mungu wa kike, angefunga na kuomba hadi akonde. Mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka. Doha nilipewa mapumziko Ijumaa, kwa hiyo Sabato yangu niliihamishia Ijumaa na kumwachia Mungu suala la kalenda. Sikuinama mbele ya jiwe lile hata mara moja. Lakini nilipopita na ndoo ya deki nilikuwa nimeanza kulipisha njia.

Nilijua pia linakokwenda. Kijijini kwao, kando ya bwawa la ngazi za mawe, kulikuwa na kijumba kidogo cha ibada ambamo mkewe aliwasha taa kila jioni tangu alipoolewa. Kijumba kilikuwa tupu kwa miaka kadhaa. Mke alikuwa amemwomba amchongee mungu wa kike mwingine, naye akawa anaahirisha, kwa maana mahekalu makubwa yalikuwa na haraka zaidi na watu wake walikuwa wakubwa zaidi. Mke akafa kijumba kikiwa tupu. Mzee aliniambia hayo mara moja tu, akiwa anatazama tindo, na hakuyarudia. Likizo ya shule ya mwaka ule wangesafiri wote, na pale mbele ya kijumba angeyafungua macho ya sanamu. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho, alisema. Sindano ya dhahabu, na kioo kikiwekwa mbele ya sanamu, kwa kuwa mtu hapaswi kusimama mahali ambapo macho yale yatatazama kwanza. Kabla ya hapo ni jiwe tu. Baada ya hapo si jiwe tena.

Kidole kilikatika mwezi wa tano, asubuhi moja baada ya tufani ya vumbi. Mwana alikuwa amempeleka Mzee hospitali kwa daktari wa moyo. Roshani ilijaa mchanga mwekundu hadi ndani ya reli za mlango, nikaona nisafishe kabla hawajarudi. Nikamsukuma mungu wa kike pamoja na kigoda chake. Kigoda kikakwama kwenye mshono wa vigae, naye akainama mbele. Nilimdaka kifuani. Nilidhani nimemwokoa, kisha nikasikia kitu kidogo kikiruka sakafuni. Mkono ulioinuliwa ulikuwa umegusa chuma cha roshani, na ncha ya kidole cha mwisho haikuwepo. Ilikuwa kubwa kama punje ya mchele.

Akili yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilishuka bakala, kile kiduka cha chini ya jengo, nikanunua supaglu na msasa mwembamba. Unga wa jiwe ulikuwepo tele kwenye sinia yake. Ile ncha niliipata karibu na mfereji wa maji. Nilifanya kama nilivyofundishwa, unga, gundi, unga tena, nikasubiri, nikasugua kwa maji, nikapaka mafuta ya nazi. Waliporudi saa saba nilikuwa napasha wali. Nilipitisha ukucha pale mara tatu na sikuhisi chochote. Niseme ukweli, nilijivuna. Nilitamani Baba angeona.

Sikumwambia Mzee. Sikuona kama namdanganya. Niliona nimemwepusha na presha.

Wiki tatu zilipita. Tiketi zilikatwa, masanduku yakatolewa juu ya kabati. Ilibaki siku tisa, na Mzee alikuwa na furaha hadi akawa anakula chakula changu bila kulalamika. Adhuhuri moja nilikuwa nikimkata kucha, nikamuuliza swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza. Nilimuuliza yule wa zamani wa kwenye kijumba alikwenda wapi, kama aliibwa.

Hakuibwa. Tawi lilianguka msimu wa mvua likamvunja pua. Mzee alieleza taratibu, kama anavyoeleza mambo ambayo kwake hata mtoto anayajua. Sanamu iliyovunjika haiabudiwi. Haijalishi ni kidogo kiasi gani. Haiungwi, haizibwi, haibandikwi. Hupelekwa majini, na watu hulia kama msibani. Mkewe ndiye aliyelia kuliko wote. Akaongeza kwamba wapo wachongaji wa siku hizi wanaobandika kwa gundi na kuuza, na watu hao yeye asingewapa hata maji ya kunawa.

Nilimkata kidole. Damu kidogo tu, lakini aliruka, akaniuliza leo nina nini.

Chumba changu cha kulala kilikuwa mtaa wa Najma, wanawake sita na kabati mbili. Niliyekuwa karibu naye ni dada mmoja wa Nakuru aliyekuwa mlinzi kwenye duka kubwa. Nilimsimulia yote tukiwa tunaanika nguo. Alisikiliza hadi mwisho, akabana kibanio cha nguo, akasema, "Wewe nyamaza. Hiyo kitu imeshika poa, hakuna mtu atajua. Mzee aende home afurahi, wewe ubaki na job yako. Khalas."

Alikuwa na akili kuliko mimi, na nilitaka sana kumsikiliza. Nilijiambia mengi. Nilijiambia kwamba kwa imani yangu mimi yule si mungu hata kidogo, akiwa mzima au akiwa vipande, kwa hiyo hakuna dhambi. Nilijiambia kwamba mgonjwa wangu ana moyo mbovu na ukweli unaweza kumuua. Lakini kila nilipomwona Mzee akimfuta vumbi kwa kile kitambaa cha manjano, niliwaona watu nisiowajua wakishuka ngazi za bwawa na taa zao, wakipiga magoti mbele ya gundi yangu. Nilikuwa naona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Siku ya nne nilipiga moyo konde. Nilimpa dawa zake kwanza, nikampima, nikakaa sakafuni mbele ya kiti chake, nikamwambia. Sikupunguza chochote.

Hakupaza sauti. Aliniomba nimletee miwani na kioo cha kukuzia. Akamvuta mungu wa kike karibu, akashika ule mkono ulioinuliwa, akapitisha ukucha wa gumba kwenye kila kidole, kimoja kimoja. Akarudia. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akavitazama vidole, akauachia.

"Kipi?" akaniuliza.

Hakuna neno lililowahi kuniuma kama hilo. Mtu aliyechonga mawe miaka hamsini ananiuliza kipi. Nikamwonyesha. Aliweka kioo chini, akamfunika mungu wa kike saa nane mchana, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Siku mbili hakusema nami. Dawa alizipokea bila kunitazama. Mke wa mwanawe alikasirika hadi akazungumza na wakala aliyenileta kazini kuhusu muuguzi mwingine, na sikuweza kumlaumu. Mwana alijaribu kutuliza mambo. Jioni ya pili, wote tukiwa sebuleni, alimwambia baba yake kwa Kiingereza, nadhani ili nami nisikie, kwamba ni ncha ya kidole tu, kule kijijini sanamu itavikwa nguo na maua, hakuna atakayejua.

Mzee akasema, "Sista anajua."

Mzee akaendelea kunywa chai yake. Wakala hakupigiwa tena.

Ijumaa ile sikwenda kanisani. Tulikwenda Al Wakrah asubuhi mapema, kabla familia hazijajaa ufukweni, mwana akiendesha na mungu wa kike mapajani mwa Mzee kama mtoto aliyelala. Tulishuka mahali penye mawe makubwa ambapo maji yana kina. Niliogopa kuonwa na watu na kuulizwa maswali, na niliogopa pia Mungu wangu angenionaje katika ibada ya watu wengine. Nilidhani nitasubiri garini. Mzee akaniita. Mwana alimshika upande mmoja, mimi nikaambiwa nishike upande wa pili, na Mzee akaweka kiganja chake juu ya uso usio na macho, akasema maneno kwa lugha yake, machache. Tukamshusha. Maji yalikuwa safi, na kwa muda mfupi niliuona ule mkono ulioinuliwa ukizidi kwenda chini. Mzee alilia waziwazi, na mimi nililia zaidi yake. Hakunikataza.

Hawakusafiri mwaka ule. Mzee alisema hawezi kwenda mikono mitupu.

Kilichobaki roshani kilikuwa kipande kimoja cha jiwe hilohilo, cha kujaribia tindo, chenye mikwaruzo pande zote. Alikigonga, akasikiliza, akaanza upya. Lakini mkono ulikuwa umechoka. Tindo iliruka, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu ikamkata. Nilimfunga bandeji. Kisha akaiweka tindo mkononi mwangu.

Nilikataa. Nilimwambia mimi ni Mkristo, ni mwanamke, na ndiye niliyemvunja wa kwanza. Akajibu kwamba karakana ya baba yake ilikuwa na Waislamu waliopasua mawe ya mahekalu maisha yao yote, na bila macho hili ni jiwe, na jiwe halimuulizi mtu anasali wapi. Alinishika kifundo cha mkono, akaniambia nipige.

Ilituchukua miezi kumi. Uso alichonga mwenyewe, siku ambazo mkono ulimtii, labda siku moja kwa wiki. Mengine yote alinishika mkono akaniongoza, na nilipokosea pembe alinipiga kofi dogo begani. Alinifundisha kugawa mwili kwa urefu wa uso. Vidole vya mkono ulioinuliwa alinitaka nivifanye peke yangu. Nilimwambia siwezi. Akasema vifanye, kisha akageuza kiti chake akatazama barabarani muda wote, akihesabu mabasi. Nilipomaliza kidole cha mwisho shati langu lilikuwa limelowa jasho. Alipitisha ukucha wa gumba, kimoja kimoja, akanung'unika kwamba wali unaungua.

Walisafiri likizo iliyofuata. Nilimfunga mungu wa kike kwa taulo tatu, na Mzee akanipa orodha ndefu ya makosa yangu katika kufunga. Mlangoni aliweka kiganja kichwani pangu kwa muda mfupi, akaingia kwenye lifti.

Mwana alirudi peke yake baada ya mwezi mmoja na nusu. Nilielewa nilipomwona kichwa kimenyolewa, kama wafanyavyo kwao mwana akifiwa na baba, kabla hajasema. Aliniketisha sebuleni, akanitengenezea chai yeye mwenyewe, akasimulia. Siku ya kufungua macho watu wote wa kijiji walishuka ngazi za bwawa. Mkono wa Mzee ulitetemeka sana kiasi cha sindano kugonga kioo. Kisha akamwita mwanawe, mhandisi ambaye hajawahi kushika tindo, akamwambia amshike kifundo cha mkono. Hivyo ndivyo walivyoyafungua, jicho la kulia kisha la kushoto. Siku kumi na nane baadaye Mzee hakuamka. Taa ya kijumba, alisema, ilikuwa imewashwa kila jioni ya siku hizo kumi na nane, na aliyeiwasha ni baba yake.

Aliuliza kama nataka picha. Alinitumia moja kwenye simu.

Mungu wa kike amevikwa kitambaa chekundu na maua ya manjano hadi kidevuni, kama mwana alivyosema mwaka uliotangulia. Macho yamefunguka. Kinachoonekana zaidi ya uso ni ule mkono ulioinuliwa, kiganja mbele. Usiku huohuo nilirudi Najma, nikakaa kitandani, nikaikuza picha hadi kidole cha mwisho kikajaza kioo chote cha simu, nikitafuta mstari wa gundi. Nilikichonga mwenyewe. Ninajua kwamba ni jiwe zima. Miaka imepita, nimerudi nyumbani, simu nimebadilisha mara nne na picha nimeihamisha kila mara, na bado kuna siku ninaifungua, ninaikuza, ninatafuta.